Gari Likaguliwe Likiwa Zima: Mafundi Wanajibu Maswali ya Wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja: nini cha kukagua kwenye gari, lini, na dalili ipi si ya kusubiri. Tumechagua sita. Mifano mingi ni ya Toyota ndogo zinazotoka Japani, kwa kuwa ndizo wengi walizotuandikia, lakini kanuni zake zinafaa hata kwa gari la kampuni nyingine.

Habari za kazi, mafundi. Nina IST, naendesha kutoka Kimara hadi Posta kila siku ya kazi. Huwa naita fundi gari likishaharibika tu. Ni vitu gani naweza kukagua mwenyewe nyumbani? (Dada wa Kimara, Dar es Salaam)

Dada, dakika kumi za Jumamosi asubuhi zinakutosha. Fanya kabla hujawasha gari, likiwa limelala usiku kucha mahali pa tambarare. Oili inakuwa imeshuka yote chini, na upepo wa tairi haujavimba kwa joto la barabara, kwa hiyo vipimo vyote viwili vinasema kweli.

Anzia chini. Usiku uliotangulia tandika boksi la karatasi lililofunguliwa chini ya injini, asubuhi ulitazame. Maji matupu yanayodondoka baada ya kutumia kiyoyozi hayana neno. Tone jeusi au la kahawia ni oili ya injini. Jekundu lenye utelezi ni oili ya gia boksi au ya usukani. La waridi au kijani, lenye harufu ya utamu utamu, ni kulanti, maji ya kupozea injini. Ukikuta tone jepesi kama maji lakini linateleza, rangi ya chai ya rangi iliyopauka, upande wa ndani wa gurudumu, hayo ni mafuta ya breki. Gari hilo usilitoe nyumbani. Fundi ndiye aje.

Fungua boneti. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua ongeza robo lita, subiri dakika chache, upime tena. Usizidishe ukidhani unaipa injini afya: oili ikipita alama ya juu, krenki, mhimili unaozunguka chini ndani ya injini, huipiga mpaka ikatoa povu, na povu halilainishi chuma. Oili kuwa nyeusi si ugonjwa. Ugonjwa ni ikiwa ya kijivu kama chai ya maziwa, maana yake maji yameingia.

Kisha tazama chupa ya kulanti, kati ya LOW na FULL, halafu kichupa cha mafuta ya breki. Hapa wengi hukosea. Mafuta ya breki hayaliwi na injini wala hayakauki. Yakishuka taratibu kwa miezi, ni kwa sababu pedi za breki zimelika na pistoni zinazozisukuma zimesogea mbele zikachukua nafasi. Yakishuka ghafla, yanavuja. Kwa hiyo kushuka kwake ni taarifa unayopewa, na ukijaza tu bila kuuliza umeifuta hiyo taarifa.

Kabla ya kuwasha, kanyaga breki mara tatu nne mpaka pedali iwe ngumu. Iendelee kukanyagwa huku unawasha. Inatakiwa izame kidogo, kisha isimame. Isipozama kabisa, kisaidizi cha breki hakifanyi kazi. Ikiendelea kuzama polepole kuelekea sakafuni, masta silinda, pampu ya breki inayosukumwa na pedali, inapitisha mafuta kwa ndani, na siku moja itakuangusha kwenye foleni.

Kwa taa za breki huna haja ya mtu wa kukusaidia: rudisha gari karibu na ukuta jioni, kanyaga, utazame wekundu ukutani kwenye kioo cha nyuma. Upande mmoja ukiwa hafifu, balbu imekufa. Na ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa za dashibodi zote ziwake, kisha zizime zenyewe injini ikiwaka. Taa ya injini au ya mifuko ya hewa ambayo haiwaki kabisa hatua hiyo ni ya kutilia shaka. Kuna wauzaji ambao huitoa balbu ili mnunuzi asione tatizo.

Shikamooni. Nilikuwa natoka Mbeya kwenda Dar na familia. Kuteremka Kitonga breki zikaanza kunuka kama kitu kinaungua, kisha pedali ikawa laini, nakanyaga inaenda chini. Nilipopumzika zikarudi. Fundi kaniambia breki ni nzima. Ilikuwa nini? (Kijana wa Uyole)

Marahaba. Umeponea chupuchupu, na tunakuomba usafiri tena na watoto baada tu ya kuyafanya haya tunayokueleza.

Kulikuwa na mambo mawili kwa pamoja. Harufu ni ya pedi. Zikipata joto kupita kiasi hazishiki diski vizuri, na hapo pedali huwa ngumu lakini gari halisimami. Pedali kuwa laini ni jambo jingine, na ni baya zaidi: mafuta ya breki yalichemka ndani ya kalipa, kibanio kinachozikandamiza pedi kwenye diski. Mafuta hayakandamiziki, ndiyo maana mguu wako unafika kwenye gurudumu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unakandamizika kama upepo kwenye mpira, kwa hiyo nguvu ya mguu inaishia kuubana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Ulipopumzika mvuke ukarudi kuwa kimiminika, na fundi alipojaribu akakuta breki zinashika. Hakukudanganya, ila alijaribu kitu kilichokwisha poa.

Kwa nini yachemke? Kwa sababu mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hata kupitia kwenye hozi za mpira. DOT 3, daraja mojawapo la mafuta ya breki, ikiwa mpya hairuhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango chake cha chini kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na unyevu. Ndiyo sababu yanabadilishwa kila miaka miwili hata kama gari halijatembea. Magari mengi yanayouzwa hapa hakuna anayejua mara ya mwisho yalibadilishwa lini. Yakiwa na rangi ya kahawa, usiulize zaidi.

Mwambie fundi afanye hivi, nawe usimame uone. Anyonye mafuta machafu kwenye kichupa na kujaza mapya kutoka kopo lililofungwa. Kopo lililokaa wazi rafuni tangu mwaka jana limeshakunywa unyevu, asilitumie. Aanze na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa gari la usukani wa kulia kwa kawaida ni la nyuma kushoto, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine. Achomeke mpira mwembamba kwenye nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea mafuta, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mtu wa pili anakanyaga na kushikilia. Nipo inafunguliwa, mafuta yanatoka, inafungwa, ndipo mguu unaachia. Mguu ukiachia kabla nipo haijafungwa, hewa inarudi ndani na kazi inaanza upya. Waendelee mpaka yatoke masafi bila mapovu, halafu gurudumu linalofuata. Kichupa cha juu kisiruhusiwe kukauka hata mara moja. Lita moja inatosha gari dogo. Usikubali DOT 5, hiyo ni silikoni na haichanganyiki na hizi nyingine. Na mafuta yakimwagikia rangi ya bodi, mwaga maji hapo hapo, maana yanaibabua.

Siku hiyo hiyo magurudumu yatolewe. Pedi mpya ina unene wa milimita 10 hivi. Ikifika 3 badilisha pande zote mbili za ekseli kwa pamoja. Diski ina unene wa chini uliochongwa juu yake, ukitanguliwa na herufi MIN. Ikipungua hapo haichongwi tena, inatupwa. Kwenye ngoma za breki za nyuma, kagua kama silinda ndogo haijalowa, kwa kuwa kiatu cha breki kilicholowa mafuta hakishiki. Pini za kalipa ziteleze kwa mkono. Pini iliyokwama huifanya pedi isugue muda wote, na inawezekana kabisa hiyo ndiyo iliyoanza kupika breki zako kabla hujafika hata kwenye mteremko.

Uendeshaji nao una sehemu yake. Madereva wa malori wana kanuni yao, gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia, na ni ya kweli. Kwa otomatiki yenye gia za chini za 2 na L, weka 2 kabla mteremko haujaanza, na L pakiwa pakali zaidi. Breki ikanyagwe kwa kishindo kifupi, mwendo ushuke, uachie ipoe, badala ya kuiegemea mfululizo. Kuweka gari fri ili kuokoa mafuta ni hasara tupu: injini yenye mfumo wa sindano ikivutwa na mteremko ikiwa kwenye gia, hukata mafuta kabisa, lakini ikiwa fri lazima ichome ili isizime.

Zikinuka tena, tafuta mahali pa salama usimame nusu saa. Usizimwagie maji, diski itapinda au kupasuka. Zuia magurudumu kwa mawe badala ya kuvuta handibreki kwa nguvu kwenye ngoma za moto. Na tafadhali, ukiondoka yaondoe mawe hayo barabarani. Anayekuja nyuma yako usiku hayaoni.

Wanangu, gari langu halitembei sana, Jumapili kanisani na mara moja moja Korogwe. Tairi bado zina mifereji mirefu kama mpya, lakini moja imepasuka nikiwa mwendo wa kawaida. Ni tairi feki? (Mzee, Tanga)

Shikamoo mzee wetu. Huenda si feki, huenda ni kongwe. Mpira huzeeka hata ukiwa umesimama, na jua na joto la pwani huuharakisha.

Chuchumaa kando ya tairi, utafute herufi DOT ubavuni. Mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne ndani ya umbo la yai. Zikiwa 2314, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Upande mwingine wa tairi mara nyingi hauna tarakimu hizo, kwa hiyo usipoziona nje, mtu aingie na tochi atazame ndani. Baada ya miaka 5 tairi likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 tangu kutengenezwa litolewe hata kama linapendeza. Kunja ubavu kwa kidole gumba: ukiona nyufa ndogo ndogo kama udongo uliokauka, usisubiri miaka.

Kuna jambo la pili, na magari ya Japani hulileta kimya kimya. Soma ubavuni kama pameandikwa STUDLESS, au kuna alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Hilo ni tairi la baridi. Mpira wake umetengenezwa kuwa laini kwenye barafu, na mifereji yake ni mirefu yenye mikato mingi myembamba, ndiyo maana linaonekana jipya. Kwenye lami ya mchana huku kwetu linapata joto kupita kiasi, linalika haraka, na linayumba kwenye kona. Zuri kwa macho, baya kwa barabara.

Upepo nao upimwe tairi likiwa limepoa. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna karatasi ya Kijapani. Huna haja ya kujua lugha, tafuta kPa, kipimo cha upepo. 220 kPa ni psi 32, na 230 ni psi 33. Tairi lenye upepo mdogo hukunja ubavu wake kila mzunguko, na huko kukunjana ndiko kunakozalisha joto linalolipasua. Likiwa la moto na geji ikasoma zaidi, usipunguze.

Hayo mengine yasomeke kwenye uvaaji wenyewe. Kulika kando zote mbili ni upepo mdogo. Kulika katikati ni upepo mwingi. Ukingo mmoja tu, nenda kwenye alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu. Mabonde mabonde ni shokapu zilizokufa au balansi. Chini ya mifereji kuna vituta vya milimita 1.6, tairi likisawazishwa navyo limekuwa kipara, ila msimu wa mvua sisi tungelitoa likibakiza 3.

Naomba msaada. Premio yangu inachemsha nikiwa kwenye foleni mjini, nikitoka barabara kuu inapoa. Fundi ametoa themostati akasema huku kwetu joto, haihitajiki. Bado inachemsha. (Msomaji, Mwanza)

Maelezo yako mwenyewe yameshataja mgonjwa. Gari likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, upepo wa safari unafanya kazi ambayo feni imeshindwa kuifanya. Lingekuwa linachemsha kwenye mwendo mkubwa, tungetazama rejeta inayopoza maji, kama imeziba, au wota pampu inayoyazungusha. Washa injini, washa kiyoyozi: kwa magari mengi feni inatakiwa izunguke ndani ya muda mfupi. Isipozunguka, mfuatano ni fyuzi, rilei, waya, kisha mota yenyewe. Ikizunguka kwa uvivu, mota imechoka. Pitisha pia macho kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, hukusanya vumbi na mabawa ya wadudu mpaka hewa haipiti.

Themostati, vali inayoyaachia maji kwenda kwenye rejeta yakipata joto, irudishwe. Kazi yake si kupasha joto nchi za baridi. Injini imepangwa kufanya kazi karibu nyuzi 90. Ikikaa baridi, kompyuta huongeza petroli na oili haiwahi kukausha unyevu wake. Tena kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka huziba njia ya mkato inayokwepa rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupozwa. Kwa hiyo kuitoa kunaweza kuongeza kuchemsha.

Kuijaribu ni rahisi. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni. Maji yakikaribia nyuzi 82, ambayo ndiyo namba inayochongwa kwenye themostati nyingi, utaona kisahani chake kinaanza kujitenga, na kabla maji hayajachemka sawasawa kiwe kimefunguka karibu sentimita moja. Kisipofunguka, nunua nyingine.

Kifuniko cha rejeta nacho si kifuniko tu. Kilichoandikwa 1.1 hushikilia presha inayopandisha kiwango cha kuchemka cha maji hadi kukaribia nyuzi 120. Mpira wake ukikatika, maji yanachemka mapema na kumwagika. Usikifungue kamwe injini ikiwa ya moto. Na badala ya maji ya bomba tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, kwa sababu maji ya bomba huacha magamba na kula aluminiamu.

Ukirekebisha yote hayo na bado, fungua kifuniko injini ikiwa baridi kabisa, iwashwe, utazame. Mapovu yasiyokwisha, hozi ya juu inayokakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha, au moshi mweupe wenye harufu tamu, ni gasketi ya silinda hedi, kizibo kilicho chini ya kichwa cha injini, imekufa. Hapo usiliendeshe hata kwenda gereji.

Niko Nakuru, nina Probox ya 1500 ya kubeba mzigo. Ni lazima nifanye sevisi kila kilomita 5,000? Na kuna makanika ananiambia nibadilishe mkanda wa taiming. (Msomaji, Nakuru)

Kwa gari la mzigo, vumbi na safari fupi fupi, 5,000 ni sahihi. Injini hiyo ya 1NZ-FE inachukua lita 3.7 za oili pamoja na filta, na ya unene wa 5W-30 inaifaa. Filta inakazwa kwa mkono, robo tatu ya mzunguko baada ya mpira wake kugusa, usiiwekee spana. Kipete (washa) cha boliti ya kumwagia oili kiwe kipya. Nunua kopo lenye lakiri ambayo haijaguswa. Filta ya hewa ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kinyume chake unapigilia vumbi ndani ya karatasi.

Mkanda wa taiming haupo humo. Injini yako inatumia cheni, kwa hiyo weka pesa yako mfukoni. Wenye mkanda ni kama 1HZ ya Land Cruiser, na huo hubadilishwa kila kilomita 100,000.

Usukani unatetemeka nikifika 80 mpaka 100. Je, ni boljointi? Na swali dogo: ile spea nyembamba inajazwa kiasi gani? (Msomaji, Dodoma)

Ukitetemeka kwenye mwendo huo tu na kutulia ukipunguza, anza na balansi ya magurudumu ya mbele. Ukitetemeka unapokanyaga breki, ni diski. Ulianza baada ya kuingia shimo, zungusha gurudumu hewani uone kama rimu imepinda au tairi limetoa kivimbe. Kivimbe ni nyuzi zilizokatika ndani, tairi hilo halitengenezeki.

Boljointi, kiungo kinachoruhusu gurudumu lipande, lishuke na likate kona, hupimwa hivi: gari juu ya jeki na stendi, kamwe si jeki peke yake, shika gurudumu juu na chini, livute na kulisukuma. Likicheza, ni boljointi au beringi. Shika kulia na kushoto. Likicheza hapo tu, ni tairodi, fimbo inayotoka kwenye usukani. Mwenzako awe na tochi upande wa ndani aone ni kiungo gani kinachotangulia kusogea.

Ukirudisha gurudumu, nati zikazwe kwa kupishana, si kwa kuzunguka. Kwa Toyota ndogo kipimo ni Nm 103, sawa na kusukuma mwisho wa spana ya sentimita 25 kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Anayepanda juu ya spana na kuruka ananyoosha stadi, zile boliti zinazoshika gurudumu. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Spea nyembamba inajazwa 420 kPa, yaani psi 60. Nyingi tunazokuta zina 30 au chini, na haziwezi kubeba gari hivyo. Mwendo usizidi 80. Likipasuka la mbele kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, hamishia mbele tairi zima la nyuma, spea iende nyuma. Na ukiwa umeshainua ili kuijaza, soma zile tarakimu nne za DOT: mara nyingi spea ina umri uleule wa gari.